Wiki Niliyokatazwa Kufa

Tarumbeta ya jeshini haina vitufe. Naanza na jambo hili kwa sababu watoto wengi wanaokuja kwangu hudhani nimevificha mahali, nao huipinduapindua wakivitafuta. Ni bomba lililokunjwa, basi. Ina sauti tano, na zote tano zinatoka kwenye midomo ya mpigaji: ukiilegeza unashuka, ukiikaza unapanda. Mtoto akielewa hilo, nusu ya kazi imekwisha. Nusu ya pili ni pumzi, nayo naifundisha kwa karatasi. Anasimama mbele ya ukuta, anabandika kipande cha karatasi kwa kidole, kisha anaondoa kidole na kuizuia isianguke kwa kupuliza tu. Siku ya kwanza wote huishia kucheka. Baada ya wiki mbili karatasi inakaa mpaka wenzake wahesabu ishirini, na hapo hakuna anayecheka tena.

Nafundisha hivi katika lupango yangu, yaani uwanja wa nyumba yenye ukuta kuizunguka, hapa Kikula, mjini Likasi, tangu nilipovua sare. Kikosi chetu cha muziki kilipovunjwa, kila askari aliondoka na alichokuwa ameshika siku hiyo. Mimi nilikuwa nimeshika tarumbeta. Alikuja mtoto mmoja, akamleta mwenzake, na leo sijui ni wangapi wamepita mbele ya ukuta ule. Wengine wanapiga kanisani, wengine wanaendesha malori, wengine wanachimba. Ninachowadai ni Jumamosi zao tu. Kila mwanafunzi wangu lazima aje kwenye salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Ngoma zinatangulia, majembe yanafuata, na tunazibua mifereji kabla mvua haijaizibua kwa njia yake.

Katika yote niliyofundisha, kulikuwa na mlio mmoja nilioufundisha tofauti. Ni ule unaopigwa kaburini askari anaposhushwa. Sajini aliyenifundisha mimi aliukata vipande vinne na kuvipa majina: Simama, Tembea, Shuka, Lala. Tulianza na Lala, kwa kuwa ndicho chepesi, sauti zake ziko chini. Shuka kilikuja mwisho, kwa sababu kina sauti moja ya juu inayochana midomo. Kati ya kipande na kipande alitufagiza uwanja. Hatukuruhusiwa kuviunga. Alisema mlio huu haupigwi mzima kama maiti hayupo. Ukipigwa mzima bure, unakwenda kujitafutia wake. Tulikuwa vijana, tulilala na bunduki, tukaamini.

Nami nikawafundisha watoto vivyo hivyo: Lala kwanza, Shuka mwisho, ufagio katikati. Nilijiambia kwamba hiyo ni nidhamu. Watoto waliipenda amri hiyo kuliko muziki wenyewe. Walijivuna nayo shuleni, kwenye bomba la maji, sokoni. Avenyu yetu, yaani mtaa wetu mzima, ikajua kwamba kwa mzee wa tarumbeta kuna mlio usiopigwa mzima, na sababu yake.

Mwanafunzi wangu bora alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Mama yake alikwishakufa, naye aliishi kwa mama yake mdogo, lupango ya tatu kutoka kwangu. Karatasi yake ilikaa ukutani mpaka wenzake wakachoka kuhesabu. Nilimpa tarumbeta yangu ya pili, iliyobonyea ubavuni, aende nayo nyumbani.

Ilikuwa Jumanne, masika yamekwisha shika, jua la saa nane likiwa kati ya mvua mbili. Nilikuwa nakaza ngozi ya ngoma nikasikia Simama. Kisha Tembea. Nikanyanyua kichwa. Shuka ikafuata, na ile sauti ya juu ikatoka safi, bila ufa, kana kwamba haina ugumu wowote. Kisha Lala, taratibu, mpaka mwisho.

Nikiri kwanza jambo ambalo sikumwambia mtu siku ile: nilifurahi. Mwalimu akisikia sauti kama ile hawezi kuizuia furaha. Furaha ikakaa kama kupepesa jicho, halafu nikaiacha ngoma, nikaenda kwa yule msichana.

Nilimkuta nyuma ya jiko lao, tarumbeta bado iko mdomoni.

"Nilitaka kusikia vile inaishaka," alisema.

Nilimkemea, nikamrudisha kwenye ngazi za sauti, nikaondoka. Sikumweleza chochote, maana sikuwa na cha kueleza. Lakini njiani nilijua nani amekosa. Ukimpa mwanamuziki kitu kilichokatwa vipande vinne, atavijaribu hadi vishikane. Asipojaribu, huyo si mwanamuziki.

Ng'ambo ya ukuta wa lile jiko, katika lupango jirani, kulikuwa na bibi mjane aliyelala tangu Pasaka, miguu imevimba. Alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri.

Mwanawe mkubwa ni dereva wa lori, anabeba mawe ya shaba kutoka Kakanda. Alifika jioni ile ile, lori lenyewe likiwa na vumbi la njia. Ijumaa tulimzika mama yake. Wakati wa kurudi kutoka makaburini, wanawake walianza kunong'ona, na kila mmoja alikuwa na ushahidi, na ushahidi wote ulikuwa wangu. Si mzee mwenyewe alisema haupigwi mzima? Si watoto wake walitwambia sababu? Jumanne umepigwa, Jumatano mtu amekufa. Kufika nyumbani, neno lilikuwa limekwisha patikana: bulozi. Uchawi. Na mwenye nao alikuwa yule yatima, maana kwetu neno hilo likirushwa hutua kwa mtoto asiye na mama wa kumshika.

Jumamosi, baada ya salongo, mama yake mdogo alikuja kwangu, hakutaka hata kukaa. Alisema dereva amekwisha ichukua ile tarumbeta ya mtoto. Wazee wa kilio, yaani wa msiba ule, wamemwambia Jumatatu ampeleke mtoto kwenye nyumba ya maombi, ile iliyo nyuma ya reli, akafungiwe bila chakula mpaka akiri. Asipompeleka, wasimwone tena bombani wala sokoni, yeye na watoto wake wadogo.

Nyumba ile niliijua. Kuna mtoto tulikwenda kumtoa pale, mimi na wanafunzi wawili wakubwa, na kumtoa kwenyewe tulimbeba, kwa sababu miguu ilikuwa imekataa kusimama.

"Papa mwalimu," alisema yule mama kwa Kiswahili chetu, ambacho mimi ni minye, "minye naogopa yeye, na naogopa kumupeleka. Niambie moja."

Nilimwambia angoje, nikavaa shati na kwenda kwenye kilio.

Wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wanawake kwenye mikeka ndani. Dereva alikuwa katikati, mtu mpana, mikono kwenye magoti. Pembeni yake alikaa shefu wa avenyu, mzee mwenye daftari lake la mambo ya mtaa, ambalo hutembea nalo hata msibani. Nilitoa pole, nikaomba nafasi ya kusema. Nikaeleza polepole, kama ninavyoeleza darasani, kwamba ile amri niliianzisha mimi hapa Likasi. Kwamba niliitoa jeshini, ambako vijana hutishwa ili watii. Kwamba muziki ni pumzi ndani ya bomba, na pumzi haiui.

Dereva alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kama haiui," alisema, "weye mwenyewe, muzee, tangu uliacha jeshi, uliipiga yote siku gani bila maiti?"

Watu wote chini ya turubai walikuwa wananitazama.

"Hakuna siku," nilisema.

"Voila. Umeona."

Hakucheka, wala hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alisema pembeni kwamba kumbe mulozi mkubwa ni mwalimu, na mtoto ni mwanafunzi tu, na hilo ndilo lililonifungua mdomo kabla akili haijafika. Nikasema kesho, baada ya misa, nitasimama mbele ya mlango wangu na kuupiga mlio wote, mchana, kila mtu asikie. Kama unaita, uniite mimi.

"Hapana," alisema dereva. "Muziki haichagulake mutu. Mama yangu haikumuchagua. Akikufa mutu yeyote wa hii avenyu, mutoto anaenda."

Shefu akafungua daftari. Akaamua kwamba muda uwe mpaka Jumamosi ijayo, siku ya kukunja mikeka ya kilio. Mpaka siku hiyo mtoto asiguswe. Nikakubali. Nilikuwa nimekwisha toka nje ndipo nikaielewa hesabu niliyoikubali: avenyu nzima, wiki nzima, msimu wa mvua, na asife mtu.

Jumapili nilitoa tarumbeta yangu. Nilikuwa na miaka sitini na nane, meno mawili ya mbele ni ya bandia. Wanawake waliingiza watoto ndani. Nilisikia madirisha yakifungwa, moja baada ya jingine, mpaka mwisho wa avenyu. Dereva alisimama ng'ambo ya barabara na shefu. Msichana alikuwa kwenye geti la kwao, mkono wa mama yake mdogo umemshika begani, na sikuweza kujua kama unamlinda au unamzuia.

Niseme ukweli. Nimepiga chini ya risasi, nikapiga makaburini kwa watu niliokula nao asubuhi ile, lakini kuupiga ule mlio pale, bila jeneza mbele yangu, mwili wangu wote ulikataa. Ndipo nilipojua nilichokuwa nawapa watoto miaka yote hiyo. Niliwapa woga wangu, nikauita nidhamu.

Simama ilitoka. Tembea ilitoka. Kwenye Shuka, ile sauti ya juu ilinivunjikia mdomoni, ikatoa mlio kama mlango mbovu. Nikaendelea. Lala niliipiga mpaka sauti ya mwisho, nikashusha mkono. Hapakuwa na aliyesogea. Kutoka nyuma ya dirisha moja mwanamke alicheka kicheko kifupi, akanyamazishwa.

Kisha tukaanza kungoja.

Jumatatu alfajiri nilikuwa mlangoni kwa mzee wa mwisho wa avenyu. Alifanya kazi kiwandani miaka yake yote, na kifua chake kilibaki na vumbi la huko. Pumu ilimkaba kila mvua ilipokaribia. Nilimwuliza amelalaje.

"Tangu lini unaniulizaka nililala namna gani?"

Kutoka kwake nilikwenda kwa mama mjamzito aliyefikisha mwezi wake, nikamwomba mumewe asingoje uchungu umshike nyumbani, ampeleke karibu na zahanati, kwa shangazi yake. Nikapita kwa wenye mtoto anayeharisha, nikabaki mpaka maji yachemke. Nikakuta kisima kisichofunikwa, nikakifunika kwa bati la banda langu mwenyewe. Nikawaambia vijana wa pikipiki wasikimbie kwenye kona yetu wiki hii. Walicheka, lakini nao walikuwa wamekwisha sikia, wakapunguza mwendo.

Jumanne mvua ilishuka tangu asubuhi, mfereji mkubwa ukajaa matope. Wanafunzi wangu walikuja bila kuitwa, bila ngoma, tukachimba mpaka magotini. Msichana alikuja pia. Wenzake walimwachia nafasi pande zote mbili, si kwa kumkasirikia, ila kama mtu anavyokaa mbali na sufuria ya moto. Nikaenda kuchimba karibu naye. Aliniuliza kwa sauti ya chini, bila kuacha koleo:

"Mwalimu, kama yule mzee wa pumu akikufa wa ugonjwa wake tu, itakuwa minye?"

Nilimwambia mzee yule hatakufa. Mwalimu asiahidi asichoweza kutoa. Hilo nalifundisha, na siku ile sikulifuata.

Jumatano niliamka na baridi. Kwanza nikasema ni matope ya jana. Saa nne meno yangu ya bandia yalikuwa yanagongana na ya kweli, na mke wangu, aliyeuza dagaa sokoni tangu watoto wetu wakiwa wadogo na kuwaona wote wakipita kwenye malaria, aliniwekea mkono shingoni, hakuuliza. Alikwenda kwa mwenye duka la dawa na kusema dawa ni za mjukuu. Alifunga dirisha ili nisionekane nikitetemeka. Akaja kukaa kando ya kitanda.

"Ukikufa wiki hii," alisema, "minye sitakulilia. Ngoja Jumapili."

Nilikunywa dawa, nikavaa koti, nikatoka. Ilikuwa lazima nionekane. Nilipita avenyu nzima nikisalimu, jasho likinitiririka chini ya koti, na kila aliyenijibu alikuwa ananitazama kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. Dereva alikuwa amekaa chini ya turubai.

"Muzee," aliniita. "Uko na baridi?"

"Ni koti jipya," nilisema. Koti lile avenyu nzima ililijua kuliko mimi.

Alhamisi asubuhi, mbingu ikiwa nyeusi upande wa Mwadingusha na umeme umekatika kama kawaida yake, mjukuu wa mzee wa pumu alikuja akikimbia. Nilimkuta mzee amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, na hewa inaingia kifuani kwa mluzi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nimefundisha pumzi maisha yangu yote. Niliijua pumzi ile. Haikuwa na masaa mengi.

Hospitali iko mjini juu. Pikipiki isingembeba mtu asiyeweza kujishikilia. Katika avenyu yetu kulikuwa na gari moja tu siku ile, na lilikuwa limeegeshwa mbele ya kilio.

Nilitembea mpaka chini ya turubai. Nilikuwa na homa, sikuwa na hotuba. Nikamwambia dereva kwamba mzee wa mwisho anakufa, na lori lake liko pale.

Kila mtu aliyekuwepo alielewa. Nami nilielewa. Asingehitaji kufanya ubaya wowote. Angebaki kwenye kiti tu, mfiwa katika kilio cha mama yake, nani angemlaumu? Kabla ya adhuhuri neno lake lingekuwa kweli, na Ijumaa mtoto angekuwa nyuma ya reli. Mzee aliyekuwa ameniita mulozi alisema, akitazama chini, kwamba mambo ya Mungu tusiyaingilie.

Dereva alikaa. Nilihesabu, kama ninavyohesabu kimya katika muziki, kwa sababu kimya nacho kina urefu wake. Nilifika kumi na moja. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo.

Tulimweka mzee katikati yetu kwenye kiti cha mbele, mimi nimemshika wima. Barabara ilikuwa mashimo na maji. Dereva aliendesha lori lile kama amebeba mayai, kisha kwenye lami akaliachia. Mzee alikuwa anapigania kila hewa, lakini katikati ya mapigano hayo alinigeukia.

"Weye, Tarumbeta," alisema, neno moja kwa kila pumzi. "Bote... mulikuwa... munaningojea minye?"

"Toa hewa kwanza," nilimwambia. "Usiivute. Itoe polepole, kama unazuia karatasi ukutani. Itarudi yenyewe." Nikawa nampulizia mfano, naye akanifuata, na mimi nikitetemeka hivyo hivyo, hata sijui nani alikuwa anamshikilia nani.

Tulikuwa tumekaribia hospitali. Dereva alisema, macho barabarani:

"Balinipigia simu mara tatu juu ya mama. Nikasema nitakuja kisha kupakia mawe."

Hata mzee, ambaye hakuwahi kuacha neno la mtu lipite bure, aliliacha hilo lipite.

Walimpokea, wakamwekea hewa, wakamchoma sindano. Tulikaa kwenye benchi la korido, dereva na mimi, saa nzima na zaidi. Nesi alipopita alinitazama, akanishika mkono, akaniambia nami ni mgonjwa, nilale. Nilisema hapana. Dereva alinigeukia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Tangu jana nilijua," alisema. "Lile koti."

Akaenda kuniletea maji.

Mzee alilala hospitali Alhamisi na Ijumaa. Ijumaa nzima nilikaa kwangu, masikio mlangoni. Kila aliyepita akikimbia, nilisimama. Mara moja nilisikia kelele za wanawake kutoka upande wa juu, nikatoka pekupeku: yule mama mjamzito alikuwa amejifungua kule zahanati, salama, na habari ndiyo ilikuwa inaingia avenyu. Nilirudi ndani kutafuta viatu.

Jumamosi asubuhi ni siku ya salongo. Ilikuwa pia siku ya kukunja mikeka. Shefu alikuja na daftari lake mpaka kwenye mfereji, akahesabu lupango moja moja kwa kidole, akasema mbele ya watu kwamba hakuna aliyekufa, na mmoja ameongezeka. Baadhi walipiga makofi. Wengine walisema Mungu amehurumia, maana yake kwao muziki ulikuwa na hatia bado, ila umesamehewa. Sikubishana nao. Mtu haachi woga kwa siku moja. Mimi wangu nilikaa nao zaidi ya miaka arobaini.

Dereva alikuja mwisho. Alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwa kikwembe, kitenge cha zamani ambacho sote tulikuwa tumekiona kiunoni kwa marehemu mama yake. Alipita mbele yangu, akasimama mbele ya msichana, akamnyooshea. Mama yake mdogo akasogea hatua moja karibu na mtoto, na safari hii nilijua ni kwa ajili ya nini.

"Kikwembe nitarudisha?" aliuliza msichana.

"Bakia nacho. Tarumbeta isipate vumbi."

Kisha dereva akachukua jembe lililokuwa limelala kwenye ukingo, akashuka ndani ya mfereji na viatu vyake vya msibani.

Msichana alifungua kile kitenge, akaifuta tarumbeta mdomoni, akanitazama. Alikuwa hajapuliza tangu Jumanne ya wiki ile nyingine. Akauliza aanze na nini, kwa sababu siku zote nilikuwa namwambia aanze na Lala.

"Anza mwanzo," nilisema. "Halafu endelea mpaka inapoishia."

Wanawake wawili waliingia ndani na kufunga milango yao. Niliwaona, naye aliwaona. Akaweka tarumbeta mdomoni hivyo hivyo. Simama ilitoka na upepo mwingi, Tembea ikanyooka. Kwenye Shuka, midomo iliyokaa karibu wiki mbili bila kazi ilikataa, na ile sauti ya juu ikavunjika palepale ilipovunjikia mimi. Watoto wakacheka. Naye alicheka, akavuta hewa, akarudia Shuka tangu mwanzo wake, ikapita.

Ndani ya mfereji dereva alikuwa ameacha kuchimba. Alisimama na kofia mkononi mpaka sauti ya mwisho ya Lala ilipokwisha. Kisha akaivaa, akaniambia upande wangu wa mfereji bado una matope, kama koti langu linaniruhusu kushuka.

Nikashuka.